Ung'eng'e Hauji kwa Kunakili

Mwaka 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha jaribio lililofanywa kwa maneno ambayo msomaji wa Kiswahili anayajua tangu utotoni. Wanasaikolojia wawili, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu jozi 40 za maneno, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili: "mashua" na "boat", na mengine ya aina hiyo. Jaribio lilihitaji lugha ambayo wanafunzi hao hawakuijua hata kidogo, ili wote waanzie sifuri.

Kila mmoja aliendelea kujifunza mpaka akaweza kutaja tafsiri ya kila neno angalau mara moja. Hapo ndipo makundi yalipotenganishwa. Kwa baadhi yao, neno lililokwisha kujibiwa sawasawa liliendelea kusomwa tena na tena, lakini halikuulizwa tena. Kwa wengine ikawa kinyume: neno halikuonyeshwa tena pamoja na tafsiri yake, ila liliendelea kuulizwa. Kundi la tatu liliendelea na yote mawili, na la nne likaacha yote mawili. Wiki moja baadaye wote waliitwa kwenye mtihani. Walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Walioacha kuulizwa walikumbuka kama theluthi tu: asilimia 36 katika kundi moja na 33 katika jingine. Tena waliosoma na kuulizwa hawakuwazidi walioulizwa bila kusoma. Cha ajabu ni kwamba wanafunzi wenyewe hawakuliona hilo likija. Walipotakiwa kubashiri matokeo yao, makundi yote yalikisia karibu nusu.

Afrika Mashariki ina mamilioni ya watu wanaoivuka njia hiyohiyo kutoka upande wa pili, yaani wanaoanza na "mashua" wakiitafuta "boat". Na wengi wao hutumia mbinu ile iliyoishia kwenye theluthi. Mwalimu huandika orodha ya misamiati ubaoni, mwanafunzi huinakili daftarini, huisoma usiku, huisoma tena asubuhi, na kwa kuwa kila neno anapoliona analitambua, huamini kwamba analijua. Kumbe kulitambua neno lililo mbele ya macho ni kazi moja, na kulitoa kichwani pasipo kuliona ni kazi nyingine.

Kati ya Septemba na Januari

Nchini Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Mtoto wa shule ya serikali, aliyesoma Sayansi na Hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, huingia Kidato cha Kwanza akakuta Biology, Geography na History. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walitoa ripoti baada ya kupima Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania. Waliona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuyafuata masomo yao. Mjadala wa lugha ya kufundishia haujakoma tangu hapo, lakini mtoto aliyekwisha kuchaguliwa kwenda sekondari hawezi kuusubiri.

Ndiyo maana mara tu mtihani wa Darasa la Saba unapomalizika Septemba, madarasa ya "pre-form one" hujaa mitaani. Kuna ubao, kuna mabenchi, kuna jedwali la "tenses" lenye safu ndefu kuliko ubao wenyewe. Watoto huimba "go, went, gone" kwa sauti moja. Kufikia Desemba mtoto anaweza kulitaja jedwali zima bila kukwama. Kisha mjomba anakuja kusalimia na kumuuliza kwa Kiingereza jana alikwenda wapi, na jibu linakuwa "I did went to town". Kanuni anayo, tena ameiandika mara kumi, ila haiji pale inapotakiwa.

Mazoezi ya lugha yana kazi moja kubwa, nayo ni kulipunguza pengo hilo kati ya kujua na kutumia. Ili yafanye kazi hiyo, mwanafunzi anahitaji kujua aanze na maneno gani, Kiingereza kinamponyoka wapi kwa sababu anafikiri kwa Kiswahili, na ajiulize vipi ili kilichoingia kiweze kutoka.

Maneno gani kwanza?

Kamusi kubwa za Kiingereza zina maneno kwa malaki, na hilo peke yake humkatisha mtu tamaa. Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefundisha Bengal enzi za ukoloni, aliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1953 alichapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000, yaliyochaguliwa hasa kwa jinsi yanavyojirudia katika maandishi. Orodha hiyo ilijulikana kama General Service List. Maneno hayo 2,000, pamoja na miundo yake, hufunika takriban asilimia 80 ya matini ya kawaida. Anayeyajua, basi, katika kila maneno kumi ya gazeti anayajua kama manane.

Yale mawili yaliyobaki ndiyo ghali. Paul Nation, mtaalamu wa misamiati wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti kwa raha, bila kukimbilia kamusi kila mstari, kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Kufuata mazungumzo kunahitaji 6,000 hadi 7,000. Familia moja hujumlisha ndugu wote wa neno: "teach", "teaches", "taught" na "teacher" huhesabiwa pamoja.

Hesabu hiyo inaonyesha kosa linalofanyika madarasani kila siku. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hutumia nguvu nyingi kukariri "photosynthesis", neno ambalo mwalimu wa Biology atalieleza kwa mchoro na kulirudia muhula mzima. Hakuna anayemweleza "unless", "although", "except", "instead" au "hardly". Sasa mpe sentensi hii: "Plants die unless they get light." Anayejua mimea, kufa na mwanga lakini hajui "unless" ataielewa kinyume, kwamba mimea hufa ikipata mwanga. Kwenye karatasi ya mtihani, maelekezo ya kujibu maswali yote "except" la nne yatamfanya alijibu la nne kwa bidii. Maneno hayo madogo ya kuunga na kukanusha hayapo kwenye mada ya somo lolote, kwa hiyo hayana mwenyewe. Anayejifunza peke yake angefanya vyema kuanza nayo.

Jambo la pili ni kwamba neno lina wenzake linaotembea nao. Mswahili hana haja ya kuelezwa hilo, maana anapiga simu, anapiga pasi, anapiga picha, anapiga kura, anapiga mswaki na kupiga hodi, na hakuna kinachoumia. Kiingereza kina kitenzi tofauti karibu kila mahali hapo: mtu "makes a call", "irons", "takes a picture", "votes", "brushes" meno na "knocks" mlangoni. Upande wa pili nako, Mwingereza hufanya kosa kwa "make" na hufanya kazi ya shule ya nyumbani kwa "do". Dawa haimezwi kwa "drink", kama anavyosema aliyezoea kunywa dawa; ni "take". Kwa hiyo aandikaye "medicine" daftarini na kuweka "dawa" mbele yake ameandika nusu ya jambo. Akiandika "take medicine" amelipata zima.

Kuna pia maneno ambayo mwanafunzi tayari anayo bila kujua. Fundi wa gereji ambaye angeapa kwamba hajui Kiingereza anataja spana, breki, gia, klachi, tairi na bolti kutwa nzima. Huo ni mtaji, ilimradi akumbuke kwamba baadhi ya maneno yalibadilika maana baada ya kuingia Kiswahili. Hoteli ya chai na chapati kando ya stendi si "hotel", kwa kuwa hakuna anayelala humo. Trafiki wa Kiswahili ni askari mwenye sare nyeupe, lakini "traffic" ya Kiingereza ni magari yenyewe yaliyojaa barabarani. Ndiyo sababu "I was stopped by a traffic" huwaacha wageni wakikuna kichwa.

Kiswahili kinapovuta kamba

Mwaka 1967 Pit Corder, mwanaisimu wa Uingereza, aliandika kwamba makosa ya anayejifunza lugha si takataka za kufagiwa. Yanaonyesha mfumo anaojijengea kichwani. Ukikusanya makosa ya wasemaji wa Kiswahili utaona kwamba yana utaratibu, na mengi yana asili yake katika uzuri wa Kiswahili chenyewe.

La kwanza linajulikana na kila mwalimu: "My mother is a nurse. He works in Dodoma." Msemaji anajua kabisa kwamba mama ni mwanamke. Lakini kiambishi "a-" katika "anafanya" hakijali jinsia, na kichwa kilichozoea kutoiuliza jinsia hakina muda wa kuiuliza katikati ya sentensi. Watu waliokaa ughaibuni miaka mingi bado huteleza hapo wakichoka. Zoezi linalosaidia ni rahisi: eleza kwa sauti habari za shangazi na mjomba kwa pamoja, huyu hivi na yule vile, ili "he" na "she" zipishane kila sentensi na ulimi ulazimike kuchagua.

La pili ni "a" na "the". Husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu hicho, na kweli hakina neno linalolingana nayo. Wazo lenyewe, hata hivyo, lipo. "Nimesoma kitabu" kinaweza kuwa kitabu chochote. "Nimekisoma kitabu" ni kile ambacho wewe na mimi tunakijua. Hiyo "-ki-" hufanya sehemu kubwa ya kazi ya "the". Anayejiuliza kama angeweka "-ki-", "-i-" au "-u-" ndani ya kitenzi mara nyingi atapata jibu la Kiingereza pia. Lakini kiambishi hichohicho humponza kwenye sentensi nyingine. "Kitabu nilichokisoma" huzaa "the book which I read it", na hiyo "it" ya mwisho Kiingereza haikuihitaji.

La tatu, na pengine lenye madhara zaidi katika mawasiliano, ni "-me-". Kiambishi hiki kinabeba tendo lililokwisha na pia hali iliyobaki baada ya tendo. "Mtoto amelala" maana yake yumo usingizini sasa hivi. Ukiitafsiri "the child has slept", Mwingereza ataelewa kwamba usingizi umekwisha na huenda mtoto ameshaamka. Alichotakiwa kusikia ni "the child is asleep". Ndivyo ilivyo kwa amesimama, amekaa, amevaa, amechoka na ameolewa: kwa Kiingereza zote hizo ni hali za sasa, na huchukua "is". Kisha kuna "nimefika jana", ambayo kwa Kiswahili cha mazungumzo hupita bila kelele. "I have arrived yesterday" haipiti, kwa sababu "have" ya namna hii haikubali kukaa pamoja na wakati uliokwisha kutajwa. Ukisema "yesterday" unarudi kwenye "arrived" pekee.

"-na-" nayo ina mambo yake. "Anasoma" ni anayesoma sasa hivi, na pia anayesoma siku zote. Kiingereza kinazitenga: "she is reading" na "she reads". Asiyezitenga huishia kwenye "I am knowing" na "I am having two children".

Hata jibu la ndiyo na hapana lina mtego. Mama anauliza, "Hujala?" Mtoto anajibu, "Ndiyo," akimaanisha kwamba mama amesema kweli, hajala. Swali hilo likiulizwa kwa Kiingereza, "yes" itaeleweka kwamba amekula. Jibu sahihi ni "no, I haven't", kwa kuwa Kiingereza hulijibu tendo, ilhali Kiswahili humjibu aliyeuliza. Watu wamekosa chakula cha jioni kwa wenyeji wao kwa sababu ya "yes" moja.

Na ile "-s" ya "she works"? Inasumbua kila mtu. Mwaka 1974 Heidi Dulay na Marina Burt walilinganisha watoto wa Kihispania na wa Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza Marekani, wakaona kwamba vipengele vya sarufi viliingia kwa mpangilio unaofanana. "-ing" ilikuja mapema, na "-s" hiyo ikawa miongoni mwa za mwisho. Mwalimu anayemchapa mtoto wa Kidato cha Kwanza kwa ajili yake anadai tunda kabla ya msimu. Kosa la "he" na "she" hubadilisha mtu anayezungumzwa, na kosa la "-me-" hubadilisha wakati. Hayo ndiyo ya kushughulikia kwanza. "She work here" inaeleweka vizuri tu.

Kuulizwa, kusahau kidogo, kuulizwa tena

Kujua mtego uko wapi hakumfanyi mtu auruke. Hapo ndipo mazoezi yanapoingia, na utafiti wake ni wa zamani. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alijifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aliona kwamba kinachokaririwa hupotea upesi sana mwanzoni, kisha kasi ya kusahau hupungua. Aliona pia kwamba marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimpa faida sawa na marudio 68 ya siku moja. Kukesha na orodha ya maneno usiku wa kuamkia mtihani ni kulipa karibu maradufu kwa bidhaa ileile.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner, mwandishi wa habari za sayansi, aliugeuza ugunduzi huo kuwa kisanduku. Neno huandikwa upande mmoja wa kadi na maana upande wa pili. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza cha kisanduku na huulizwa kila siku. Ukijibu sawa, kadi inahamia chumba cha pili kinachofunguliwa baada ya siku chache, kisha cha tatu cha wiki, na kuendelea. Ukikosea, inarudi mwanzo. Kwa njia hiyo maneno magumu huulizwa mara nyingi na mepesi hayapotezi muda. Programu nyingi za simu zinazotumiwa leo zinafanya jambo hilohilo kwa hesabu za kompyuta, lakini kadi zilizokatwa kwenye boksi la sabuni na kufungwa kwa raba zinatosha kabisa.

Kadi nzuri ina mambo mawili. Kwanza, inabeba kifungu au sentensi, si neno pekee. Pili, inaulizwa kuanzia upande wa Kiswahili. Anayesoma "take medicine" na kusema "kunywa dawa" anafanya mazoezi ya kuelewa. Anayeona "kunywa dawa" na kulazimika kutoa "take medicine" anafanya mazoezi ya kusema. La pili ni gumu zaidi, na wengi huliepuka kwa sababu hiyo.

Sarufi nayo inaweza kuulizwa badala ya kunakiliwa. Chukua sentensi moja, "Asha goes to the market", kisha igeuze bila kuandika: ikanushe, iulize, ipeleke jana, ipeleke kesho, iweke kwenye wingi. "Asha doesn't go. Does Asha go? Asha went. Did Asha go?" Hapo mwanafunzi ataisikia kwa masikio yake kanuni iliyomshinda mbele ya mjomba. "Did" ikishaubeba wakati uliopita, kitenzi hurudi kwenye umbo lake la kawaida, kwa hiyo hakuna "did went". Kitabu cha Raymond Murphy, English Grammar in Use, kilichotoka mwaka 1985, kilijengwa kwa mtindo unaomfaa mtu kama huyo: ukurasa wa kushoto una maelezo, wa kulia una mazoezi, na majibu yapo nyuma. Kinaharibiwa na wanaosoma kushoto tu.

Tahadhari moja kuhusu mazoezi ya vitabuni: maswali 20 mfululizo ya wakati uliopita humfundisha mtu kuweka "-ed" kila mahali bila kufikiri, kwa kuwa kichwa cha zoezi kimeshampa jibu. Mazungumzo hayana kichwa cha zoezi. Baada ya kila mada mbili tatu, inafaa kuchanganya maswali ya nyakati zote ili kuchagua kuwe sehemu ya kazi.

Kamusi pia ni chombo cha mazoezi, mradi iwe ya aina inayofaa. Msomaji wa Kiswahili amekuwa na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya Frederick Johnson tangu mwaka 1939, na ile ya TUKI tangu 1996. Hizo zinajibu swali la neno lina maana gani. Swali la neno linatumikaje lilijibiwa na A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani. Kamusi yake ilitoka kwanza Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford ikaichapisha mwaka 1948. Hornby aliwaandikia watu waliojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, kwa hiyo alionyesha kila kitenzi kinavyopangwa na maneno mengine. Humo ndimo mtu anamoona kwamba "tell me" ipo lakini "explain me" haipo, ingawa "niambie" na "nielezee" kwa Kiswahili zimekaa vilevile. Kiingereza kinataka "explain it to me".

Vitabu 250 vya Fiji

Kadi na mazoezi ya kugeuza sentensi vina kikomo, kwa sababu neno linahitaji kukutwa tena mahali ambapo hukulitegemea. Ushahidi mmoja mzuri unatoka visiwa vya Fiji, ambako Warwick Elley na Francis Mangubhai walifanya utafiti wao kuanzia mwaka 1980 katika shule 12 za vijijini. Madarasa ya nne na ya tano katika shule nane yalipewa vitabu 250 vya hadithi kwa Kiingereza chepesi, vyenye picha, na watoto wakaachwa wasome au wasomewe kila siku. Shule nyingine ziliendelea na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi minane, watoto wa vitabu vya hadithi walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kusikiliza kwa kasi kama mara mbili ya kawaida. Tanzania nayo ilijaribu njia hiyo baada ya ripoti ya Criper na Dodd: kuanzia mwaka 1987 mradi uliofadhiliwa na Uingereza ulipeleka sekondari vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza rahisi.

Kipimo cha kitabu kinachofaa ni kukifungua popote na kusoma ukurasa mmoja. Maneno mageni yakiwa mengi kiasi cha kuivunja hadithi, kitabu ni cha mwakani. Hakuna aibu kwa mtu mzima kusoma hadithi ya watoto. Riwaya nzito inayosomwa kwa kamusi mkononi humpa msomaji kurasa chache na uchovu mwingi.

Masikio yamekuwa na walimu wao pia. BBC ilianza masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Special English tarehe 19 Oktoba 1959, yakisomwa polepole, kwa sentensi fupi na msamiati wa maneno kama 1,500. Wasikilizaji wengi wa Afrika walikipata Kiingereza chao hapo, usiku, sikio likiwa kwenye spika. Leo rekodi za aina hiyo zinapatikana kwenye simu, na zina faida ambayo redio haikuwa nayo: sentensi iliyopita inaweza kurudishwa, ikasikilizwa tena na kuigwa kwa sauti.

Hata hivyo, kuelewa hakuzai kusema. Merrill Swain aliliona hilo Kanada, akaliandika mwaka 1985. Watoto wanaozungumza Kiingereza waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka mingi walikielewa Kifaransa vizuri sana, lakini walipokisema na kukiandika bado walikosea mambo ya msingi. Maoni yake yalikuwa kwamba walikuwa hawalazimishwi vya kutosha kutoa lugha. Mtu anapotafuta neno na kulikosa ndipo anapogundua pengo lake liko wapi.

Kikwazo cha kutoa lugha kina jina mitaani: kuchapia. Anayechapia kwa Kiingereza huchekwa, na kicheko hicho kina nguvu kuliko tangazo lolote la "No English, No Service" lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Mwanafunzi hutafuta njia ya tatu, ambayo ni kunyamaza. Walimu wenye busara hupunguza idadi ya wasikilizaji: badala ya kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake 80, huwaweka wawili wawili. Kuna zoezi lililoelezwa na Keith Maurice mwaka 1983 linalofaa sana hapo. Mwanafunzi anamsimulia mwenzake jambo kwa dakika nne. Kisha anahamia kwa mwingine na kulisimulia lilelile kwa dakika tatu. Kisha kwa wa tatu kwa dakika mbili. Mara ya tatu maneno yameshapatikana, woga umepungua, na kasi imeongezeka bila mtu yeyote kuhimizwa aharakishe.

Saa ngapi zinahitajika?

Mabango ya mitaani huahidi Kiingereza kwa miezi mitatu, na hesabu inaweza kufanywa. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa ngazi sita za ujuzi wa lugha, kuanzia A1 hadi C2, zinazotumiwa sasa duniani kote. Cambridge, ambao hutunga mitihani ya Kiingereza, hukadiria kwamba kufika A2 kunahitaji saa 180 hadi 200 za masomo yenye mwalimu, B1 saa 350 hadi 400, na B2, ngazi ambayo mtu anaanza kusoma mambo mazito kwa kujitegemea, saa 500 hadi 600. Kozi ya wiki 12, saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa 120. Haifiki hata A2.

Nusu saa kila siku kwa mwaka mzima ni takriban saa 180, na kwa miaka minne ya sekondari inapita 700. Saa za kujisomea si sawa kabisa na za darasani, lakini ukubwa wa kazi unaonekana. Nusu saa hiyo inagawanyika vizuri mara tatu. Dakika 10 za kwanza ni za kadi, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, pamoja na sentensi moja ya kugeuzwa. Dakika 10 zinazofuata ni za hadithi nyepesi, bila kamusi. Zilizobaki ni za mdomo: kusimulia ukurasa uliosomwa, kitabu kikiwa kimefungwa, kwenye simu inayorekodi au mbele ya kaka au dada aliye tayari kuuliza swali la pili.